Mizani Isiyojua Utani

Bwana Ladislaus Gama aliingia wodini saa tatu asubuhi, jembe begani, mkeka kwapani na kamba ya katani mkononi, wala hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha dirishani, akamtazama mgonjwa kuanzia unyayo hadi utosi, akatikisa kichwa.

"Ndiyo huyu wa kuzikwa?" akauliza. "Mbona mfupi hivi? Nimebeba jembe kubwa kutoka Songea bure. Huyu hata kijiko cha uji kinatosha kumchimbia."

Wodi nzima ikamgeukia. Muuguzi Tumpe Mwakalinga, aliyekuwa akimgeuza mgonjwa wa kitanda cha tatu, alisimama na mto mkononi asijue amfukuze au ampe kiti. Gama hakumjali. Alikunjua kamba yake, akaanza kumpima mgonjwa mabega kwa sauti ya fundi seremala: moja, moja na nusu, haya, tumemaliza, mtu mwenyewe ameisha.

Anyesi Nyenza akafungua jicho moja. Alikuwa na miaka sitini na minane, fundi bomba mstaafu aliyefunga mabomba ya maji ya nusu ya wilaya ile kwa mikono yake. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshapanda hadi uti wa mgongo, na madaktari walikwisha kumwambia wazi kwamba ya kuponya hayapo. Yaliyobaki ni ya kumtuliza, aishi siku zake bila kuteseka.

"Kamba yenyewe fupi, Mngoni," akasema. "Au ni ile mliyofungia mizigo mlipokuwa mnakimbia kutoka kusini?"

"Tulikimbia, lakini njiani tulikula ng'ombe. Nyie je? Mbwa wa kijijini kwenu wamesikia anayewala anaumwa, siku ya tatu leo wanafanya sherehe. Nimewapita wanacheza ngoma."

Anyesi akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Tumpe akakimbia na kikombe cha togwa, na bado aliendelea kucheka huku togwa likimchuruzika kidevuni. Mwalimu Kasiani, mzee wa kitanda cha pili ambaye kwa wiki tatu hakuwa amesema zaidi ya "sijambo", naye akatoa meno.

Basi, kwa asiyejua. Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachokana, wakaona heri wawe watani. Tangu hapo Mhehe akifa, Mngoni ndiye anayeshika jembe, na ana ruhusa ya kumsema marehemu mbele ya wafiwa, hata alale ndani ya kaburi akitaka, na hakuna wa kukasirika. Ila Anyesi hakutaka kungoja. Alikuwa amemtumia Gama ujumbe wa mstari mmoja: njoo unizike nikiwa hai, maana ukingoja nife kweli, nani atakujibu?

Tumpe alikuwa bado anacheka alipotupa jicho kwenye sanduku la kando ya kitanda. Asubuhi namba yake ilikuwa sitini na nne. Sasa ilisoma arobaini na moja, na inashuka.

Akaona vizuri tu: mgonjwa amepata nafuu. Mungu amsamehe, ndivyo alivyofikiri.

*

Lile sanduku liliitwa Mizani. Kila mgonjwa wa Kituo cha Tulizo cha Ihembe alikuwa na lake, na nyuma ya sikio alibandikwa utepe mwembamba kama ganda la kitunguu. Utepe ulisoma jasho, pumzi, mapigo ya moyo, misuli ya uso na mwendo wa neva, ukapeleka vyote sandukuni, na sanduku likatoa namba ya maumivu, kutoka sifuri hadi mia. Kila baada ya saa sita lilipiga wastani. Wastani ukizidi sitini, dawa inaongezwa. Ukipungua, dawa inapunguzwa. Ni kilio cha kwikwi pekee kilichoruhusiwa kuruka foleni: Mizani ikisikia kwikwi, ilifungua dozi ya dharura hapo hapo. Mkono wa binadamu haukuwa na ruhusa ya kugusa mofini tena, na sanduku likichokonolewa, masanduku yote ya kituo yalijifunga hadi wakaguzi wafike.

Usiharakishe kulitukana. Tumpe mwenyewe ndiye aliyelipigania. Baba yake alikufa katika hospitali moja ya zamani, saratani ya ini, akiomba dawa kwa sauti iliyosikika hadi getini. Muuguzi wa zamu alisema, "Huyu mzee anapenda kudeka." Alikufa ameng'ata shuka. Tumpe alikuwa na miaka kumi na tisa, na shuka lile hakulisahau. Alipokuwa muuguzi alikwenda mbele ya kamati ya Bunge akaeleza habari zote, pamoja na dawa zilizokuwa zikiishia mifukoni mwa watu, na mwaka uliofuata Mizani zikaanza kufika, hata kwenye vituo vya milimani ambako dawa iliangushwa na droni kila Jumanne. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeambiwa anadeka. Mtu kama Mwalimu Kasiani, ambaye hata ukimkanyaga kidonda angekwambia "nashukuru, mwanangu," Mizani ilimsemea.

Waliotengeneza Mizani waliifundisha kwa nyuso za maelfu ya wagonjwa waliolazwa kimya, kila mmoja peke yake, katika vyumba vyeupe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mtani.

*

Siku ya nne Gama alitoka kwenda kuoga, na Tumpe akaingia na pamba na maji ya kumsafisha Anyesi kinywa. Akamkuta ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Vidole vilikuwa vyeupe.

"Bibi! Tangu lini?"

"Tangu juzi," Anyesi akasema kati ya meno. "Nilidhani mmeishiwa dawa."

Tumpe akageukia sanduku. Ishirini na tisa, ndiyo kwanza inaanza kupanda. Wakati wa Gama ilikuwa imeshuka hadi tisa, na kila baada ya saa sita Mizani, kwa uaminifu wake, ilikuwa imemkata robo ya dawa. Wenyewe walikuwa wamekaa pale wakicheka siku nne, wakimcheka na kumchekesha, na kila kicheko kilikuwa kinambana bomba la dawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Wewe si unauliza sanduku? Mimi hujaniuliza tangu nifike."

Maneno yale yalimwingia Tumpe mahali pabaya. Ilikuwa kweli. Wiki tano alizokaa yule mama pale, Tumpe alikuwa akiingia, anasoma namba, anaandika namba, anasema "tunaendelea vizuri."

Akampangia mito upya chini ya magoti, akamsugua nyayo kwa mafuta, akampigia simu daktari wa mkoa. Uso wa Daktari Fideli Mhapa ukatokea ukutani, umechoka, umenyolewa vizuri.

"Rahisi tu, Sista," akasema baada ya kusikiliza. "Mwondoe mgeni. Mgonjwa akikaa kimya, wastani utapanda. Ikifika usiku, dawa imerudi."

"Na kesho mgeni akirudi?"

"Asirudi."

"Daktari, huyu mama ana siku chache. Alimwita mwenyewe."

"Basi achague," Mhapa akasema, si kwa ukali, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. "Dawa au vichekesho. Siwezi kubadili Mizani ya nchi nzima kwa sababu ya mtani wa mtu."

Anyesi alikuwa amesikia kila neno. Alijaribu kujiinua, akashindwa, akasema akiwa amelala vile vile.

"Mwambie hivi. Nimefanya kazi ya bomba miaka thelathini na minne. Geji ikisema maji hayapo na mimi nimelowa, sibadilishi maji. Nabadilisha geji. Nilie ndiyo niaminiwe? Sifanyi. Gama habanduki hapa."

*

Gama alikuwa mlangoni, taulo shingoni. Naye alikuwa amesikia.

Mzee wa watu, jamani. Alikaa kwenye benchi la ukumbini kama aliyepigwa kofi. "Kumbe mimi ndiye ninayemnyima dawa," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

"Hukujua, baba. Hata mimi sikujua, na mimi ndiyo kazi yangu."

"Nilipige jembe lile sanduku?"

"Ukilipiga hilo, yanajifunga yote kumi na tisa. Mwalimu Kasiani ataumia kimya mpaka afe, maana yeye kusema hawezi."

Gama akafikiri. Kisha akasimama, akajifuta uso, akafunga vifungo vya shati hadi juu. Akaliacha jembe ukutani. Aliingia wodini polepole, akasimama kando ya kitanda cha Anyesi, mikono ameikunja mbele.

"Shikamoo, Bibi Anyesi," akasema. "Unaendeleaje? Pole sana na maradhi. Mungu akujalie nafuu."

Anyesi akamkodolea macho. Akangoja mzaha ufuate. Haukufuata. Gama alisimama pale na adabu zake zote, mpole kama mgeni aliyekosea nyumba, na Anyesi akaelewa kwamba mtani wake amemwacha. Mtani anayekuamkia kwa heshima amekwisha kukuzika.

Akalia. Tumpe hakuwahi kumwona akilia, na kilikuwa kilio kibaya, cha kwikwi, cha mtu ambaye hajui kulia kwa sababu hajazoea. Namba ikapanda: arobaini, hamsini na nane, sabini na sita. Sanduku likalia tiki, dawa ikashuka kwenye mpira mwembamba hadi mkononi mwake. Dakika chache tu, vidole vikaachia chuma cha kitanda.

"Imekubali," Gama akanong'ona, na machozi yake yakimtoka.

Anyesi aligeuza uso ukutani. "Mmefaulu," akasema. "Maumivu yamekwenda, na mtani naye amekwenda. Tokeni."

Hawakumsikia tena mchana ule wote. Chakula kilirudi kilivyo. Mizani ilisoma sitini na nane bila kutetereka, dawa ikaongezwa, na ukutani taarifa ya mkoa ikawaka rangi ya kijani: *mgonjwa ametulizwa ipasavyo*. Tumpe aliisoma mara mbili. Hasira ikampanda, hasira ile ile ya msichana wa miaka kumi na tisa, ila safari hii aliyesema mgonjwa anadeka lilikuwa sanduku, na sanduku alikuwa amelileta yeye mwenyewe, kwa jasho lake, tena kwa hotuba.

Liwalo na liwe, akasema moyoni.

*

Kesho yake asubuhi alimshika Gama mkono, akamwingiza wodini pamoja na jembe lake. Akavuta kiti hadi kitandani kwa Anyesi, akaketi, akambandua ule utepe nyuma ya sikio, akajibandika yeye.

"Unafanya nini, Sista?" Anyesi akauliza, mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu jana.

"Nitalia mimi. Wewe fanya shughuli zako."

"Utalia nini, mtu mzima huna hata mafua?"

"Ninacho cha kulilia. Ila nataka kitu kimoja. Sanduku litatoa dawa kwa machozi yangu, na machozi yangu hayajui mwili wako. Kwa hiyo nakuuliza, na utanijibu kweli. Unaumwa kiasi gani? Sifuri hadi kumi."

"Nane," Anyesi akasema.

"Nakuamini."

Ni neno dogo, lakini tangu afike pale Anyesi hakuwa ameambiwa. Tumpe akafumba macho. Akamwendea baba yake katika ile hospitali, akasimama kando ya kitanda, akaliona shuka. Miaka yote hiyo hakuwa amelilia kisawasawa. Alikwenda Bungeni badala ya kulia. Sasa aliliachia. Kwikwi ya kwanza ikatoka, ya pili, na sanduku likalia tiki.

Na hapo hapo, juu ya kichwa chake, akasikia Gama akikohoa kujiandaa.

"Eh, wewe Mhehe," akasema. "Jana nilikuamkia. Umeona nilivyokutisha? Ulidhani nimekuheshimu kweli?"

"Nilidhani umekuwa padri," Anyesi akasema. "Nikaogopa, maana ungeanza na mvinyo wa altareni."

"Bora mvinyo wa altareni kuliko ulanzi wenu wa mianzi. Nimeunywa jana, nimeota nabweka."

Kicheko kikampasuka Anyesi kutoka ndani kabisa. Tumpe akilia, Anyesi akicheka, Mwalimu Kasiani ameketi kitandani akiwatazama wote watatu kama mtu aliye kwenye sherehe. Baadaye kidogo Anyesi akagusa goti la Tumpe.

"Basi, mwanangu. Inatosha. Imefika tatu, tatu naiweza."

Tumpe akabandua utepe pale pale, akamrudishia mwenyewe. Kisha akachukua karatasi, kwa maana karatasi haifutiki kutoka mkoani, akaandika kwa kalamu: *Mimi, Tumpe Mwakalinga, nimevaa utepe wa mgonjwa Anyesi Nyenza. Nimemuuliza, akasema nane. Nimemwamini. Alipofika tatu akasema basi, nikaacha.* Akaweka saa na sahihi.

Walifanya hivyo siku tano, asubuhi, mchana na jioni. Karatasi zikawa kumi na tano.

*

Siku ya sita ukuta uliwaka katikati ya wodi bila kuomba ruhusa. Daktari Mhapa hakuwa amenyoa.

"Sista Tumpe. Mizani inasema mgonjwa analia kwa uchungu mara tatu kwa siku. Kamera inaonyesha anacheka mpaka anapaliwa. Niambie nimeona vibaya."

"Umeona vizuri. Utepe ninauvaa mimi. Nimeandika kila kitu, karatasi hizi hapa."

"Unajua hiyo ni kesi?"

"Najua. Sheria hiyo niliiombea mimi."

Daktari akasugua macho. "Sina njia, Sista. Nitalifunga sanduku lake sasa hivi. Na wewe utaitwa mbele ya Baraza la Wauguzi."

Tumpe akasimama. "Funga. Ila fomu ya kufunga ina mstari wa sababu, Daktari, nami nitakusaidia kuujaza. Andika: Anyesi Nyenza, saratani imefika mifupani, amenyimwa dawa ya maumivu kwa sababu alicheka. Weka jina lako chini. Nitaibandika mlangoni, kila anayemleta mama yake hapa aisome."

Kidole cha Mhapa kilionekana pembeni mwa picha, kimesimama hewani juu ya kitufe.

Gama akajisogeza mbele ya ukuta na jembe lake. "Samahani, Daktari. Jina lako nani vile?"

"Mhapa."

"Mhapa wa wapi? Mhehe?"

Daktari akasita. "Mhehe, ndiyo."

"Aaa!" Gama akafurahi kama aliyeokota kitu. "Basi na wewe ni wangu. Sikiliza, Mhehe. Siku moja utakufa, hilo huna ujanja nalo. Nikiwa hai nitakuja mwenyewe, nikiwa nimekufa watakuja wanangu. Tutasimama juu ya kaburi lako, mbele ya mkeo na watoto wako na wakubwa wako wote wa kazi, na tutasema: huyu alimnyima Mhehe mwenzake dawa kwa kosa la kucheka. Na hakuna wa kutunyamazisha. Hiyo ruhusa unajua tulipewa na nani."

Wale wote waliokuwa na nguvu za kugeuza shingo walikuwa wamegeukia ukutani. Daktari Mhapa aliwatazama, akamtazama Anyesi, ambaye alimpungia mkono kwa vidole viwili.

"Kamwene, mwanangu," Anyesi akamwamkia kwa Kihehe. "Kama unafunga, funga. Lakini geji yenu imeharibika. Mimi ni fundi, nakwambia."

Kisha kile kidole kikaondoka kwenye picha.

"Kamwene, bibi," Mhapa akasema polepole. "Sista, zile karatasi. Nitumie zote. Barazani utakwenda, hilo siwezi kulizuia. Lakini nitakwenda nazo."

Ukuta ukazima. Taa ya sanduku ilibaki inawaka.

*

Anyesi alikufa Alhamisi, baada ya uji, katikati ya sentensi iliyohusu miguu ya Wangoni. Asubuhi ile aliulizwa kiasi gani akasema mbili. Mwalimu Kasiani, kutoka kitanda cha pili, alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi na kusema, "Na mimi niulize, Sista." Aliulizwa. Akafikiri sana, akasema sita, na akaonekana mwenyewe ameshangaa.

Makaburini upepo wa Ihembe ulikuwa mkali na udongo mwekundu ulikuwa umelowa. Gama alikuwa amechimba kwa mikono yake, na jeneza lilipofika alifanya kama ilivyo desturi: akashuka kaburini, akatandika mkeka wake, akalala chali, akakunja nne.

"Simpishi!" akapaza sauti. "Mhehe huyu mbishi ataniambia nini? Siku kumi na moja ameninyima usingizi kwa maneno. Leo nimempata. Mnaona? Kanyamaza! Jibu basi, we Mhehe! Jibu!"

Watu walicheka, kisha kicheko kikafifia chenyewe, kwa sababu kila mtu alisikia pale ambapo jibu lilipaswa kuwa. Gama akalisikia pia. Mguu wake ulioning'inia ukaacha kucheza. Akabaki amelala chini ya shimo, mdomo wazi, akitazama mbingu.

Tumpe alikuwa amesimama ukingoni, barua ya Baraza mfukoni, wito wa Jumatatu. Kwenye mfuko mwingine alikuwa na karatasi ya kumi na tisa, ya mwisho, ambayo mgongoni kwake Anyesi alimwomba aandike jambo, akamwapisha asilisome mbele ya mtu mpaka siku ya maziko. Hakuhitaji kuitoa. Aliinama juu ya kaburi, akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya umati:

"Anyesi anasema, toka humo, Mngoni! Kitanda ni kimoja na wewe unakoroma!"